Povu Katika Siki

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepimwa presha katika ukumbi wa kanisa pamoja na nusu ya mtaa wa Kaloleni. Walikuwa wametangaza kwa kipaza sauti tangu Ijumaa: watu wa utafiti wanakuja, wanatafuta wenye presha ya juu, watapewa dawa na kufuatiliwa hadi mvua ziishe. Basi watu wakamiminika, wengine wamevaa nguo za Jumapili. Jentrix, muuza dagaa wa omena wa safu ya nyuma ya nyumba yetu, alikuwa amekunywa chupa nzima ya maji ya ndimu ili presha yake ishuke. Alipoambiwa kwamba wanaotakiwa ni wale ambao yao iko juu, akatoka nje akaanza kurukaruka ili ipande. Huyo ndiye sayansi inayemtegemea.

Nilifanya kazi katika maabara ya shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Sikuwa mwalimu, nilikuwa fundi wa maabara, lakini wanafunzi waliniita Profesa, na walimu wa kemia walinijia kimyakimya kabla ya kila mtihani wa vitendo. Najua maana ya jaribio. Ndiyo sababu nimetoa daftari hili lililobaki tangu nistaafu, niandike jambo hili linavyokwenda. Kijitabu walichotupatia kina visanduku vidogo vya kuandika namba tu, kwa watu wenye namba tu za kuandika.

Yangu ilikuwa 162 kwa 98. Ya Seline, mke wangu, 176 kwa 106. Muuguzi wao, msichana mmoja mwembamba anayeitwa Becky, akasema kila nyumba inaingiza mtu mmoja, maana wawili wakiishi pamoja dawa zao huchanganyika na hesabu zinaharibika. Akauliza nani kati yetu anaingia. Seline akasema, "Mzee aingie. Yeye ndio anaelewa hizi vitu." Ni kweli. Yeye akapewa karatasi aipeleke zahanati akachukue dawa za kawaida.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Watu wote wanaongea habari ya mvua kana kwamba wataiamuru.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki ya utafiti. Saa tatu za kukaa kwenye benchi na watu wanaolinganisha magonjwa yao. Daktari mkuu ni binti mdogo, Daktari Kajal, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu, babu yake alikuwa na duka la vitambaa. Anaongea Dholuo na akina mama hadi wanapiga makofi. Mimi ni Mbukusu, nimeishi hapa miaka arobaini, nimeoa hapa, na Dholuo yangu inanitosha sokoni.

Alitueleza mpango. Kundi moja linapewa dawa moja ya presha iliyozoeleka, kundi lingine linapewa kidonge chenye dawa mbili ndani, kila moja kwa kiasi kidogo. Kompyuta inachagua nani aende wapi. Vidonge vyote ni vyeupe na vya ukubwa mmoja, na hata yeye hajui nani anapata kipi. Mwishoni akaongeza jambo lingine ambalo sikulisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nasoma fomu ya ridhaa na nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu, kosa la chapa la kumi na moja. Nilimpa Becky orodha ya makosa. Akasema asante na akaiweka chini ya kikombe chake.

Jentrix alitia kidole gumba. Kisha akauliza kama kidonge kinamezwa na chai au na maji. Mtu anatia sahihi asichokisoma halafu anahangaikia chai.

Nimepewa chupa ya vidonge ishirini na vinane, kimoja kila asubuhi. Kila baada ya wiki nne tunarudi, wanapima na kuhesabu vilivyobaki.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita kwa Harbhajan, aliyekuwa akitengeneza bodi za malori enzi zile tukiwa na nguvu. Sasa anakaa mbele ya duka la mpwa wake kutwa nzima na birika la chai. Nikamwonyesha chupa yangu.

"Waliaula, wewe msomi lakini hii hujui," akasema. "Majaribio yote iko hivyo. Nusu wanakula dawa, nusu wanakula chaki. Binamu yangu huko Uingereza alimeza unga mwaka mzima. Mwaka mzima, na alikuwa anasema anasikia nafuu."

Sikupenda alivyocheka.

Jumapili, 16 Machi

Seline alipokwenda kanisani nilifanya jaribio. Niliponda kidonge cha leo kwa kijiko, nikakitia kwenye glasi, nikamimina siki. Kikatoa povu. Si povu jingi, lakini jicho langu limeangalia mirija ya majaribio miaka thelathini na mmoja na haliwezi kudanganyika. Kwa kuwa jaribio lisilo na kitu cha kulinganishia ni mchezo wa watoto, nikaponda ganda la yai na kulitia siki pia. Povu lile lile. Ganda la yai na chaki ni kitu kimoja, kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa chaki. Jentrix anapewa dawa, na fundi wa maabara analishwa chokaa ya ukuta.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua. Sitameza chaki ya mtu, na pia sitawapa furaha ya kunitoa kwenye utafiti wao. Kila asubuhi nitatoa kidonge kimoja kwenye chupa, nitakitia katika mkebe mtupu wa kahawa juu ya kabati, na namba zao zitakuwa sawasawa. Mwisho wa mvua nitawawekea mkebe mezani, nione nyuso zao.

Seline aliniona. Nikamwambia ni chaki, nimepima. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchicha. Huyu mwanamke humwonyeshi kitu akashangaa.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 29 Machi

Seline amekwenda zahanati mara tatu na kurudi mkono mtupu. Jumatatu aliambiwa dawa zimeisha, arudi Alhamisi. Alhamisi aliambiwa arudi Jumatatu. Amejifunga leso kichwani kwa nguvu, anasema kichwa kinagonga kuanzia kisogoni, na usiku anaona vidoa vya mwanga. Nikamwambia apunguze chumvi. Akasema anayeomba chumvi mezani ni mimi.

Analalamika kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwa sababu inabidi nimuulize amesema nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Kliniki. Becky alihesabu vidonge vyangu mara mbili, akasimama mbele ya benchi zima na kusema, "Mumuone Mzee Waliaula. Hajakosa hata kimoja. Muige huyu." Wakanipigia makofi. Wapo waliokosa kumi, wapo waliosema panya amekula, na mama mmoja alisema aligawia ng'ombe. Nilikaa wima. Lazima niseme nilifurahi, ingawa makofi ya watu wale hayana uzito.

Presha yangu 168 kwa 100. Kama nilivyotarajia kwa mtu anayepewa chaki. Jentrix, ambaye mwezi uliopita alikuwa na 170, leo ana 138. Akaja kunionyesha kijitabu chake kwa kuwa hawezi kusoma alichoandikiwa, halafu akauliza kama hiyo ni nzuri. Nikamwambia ni ya wastani.

Nilimhadithia Seline jioni. Alisikiliza sana habari ya Jentrix, akaniuliza mara mbili chupa yake ni ya rangi gani. Nikamwambia ni kama yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Mtaa wa Nyamasaria wote ni maji. Watu wanahamishia magodoro kwa jamaa zao. Dada yake Jentrix amekuja na kuku sita, wanalala jikoni kwa Jentrix na asubuhi wanawika sikioni mwangu.

Pasaka, 20 Aprili

Seline ameimba kutoka kanisani hadi nyumbani. Ameosha mapazia yote, amepanda juu ya kiti mwenyewe kuyatundika. Nilimuuliza kichwa. "Kimetulia," akasema. Mchungaji wake anauza maji ya kitunguu saumu kwenye chupa za soda, na nina hakika ndiyo anayoyaita uponyaji. Sikumuuliza. Mtu akishaanza kuamini kitunguu hakuna cha kuzungumza naye.

Mimi, kwa upande wangu, ngazi mbili za mlangoni zinanitoa pumzi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Kuku.

Jumatatu, 5 Mei

Lazima niandike hili kwa utaratibu.

Presha yangu leo ni 184 kwa 112. Becky alipima mara tatu, mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia. Akahesabu vidonge: sawasawa. Akaniuliza kama kweli nameza kila siku. Nikamuuliza kama anaona nina umri wa kudanganya. Akanipeleka kwa Daktari Kajal, na huyo akaanza kuandika, uso umemshuka, akisema huenda dawa hii hainifai kabisa na inabidi wafikirie kuniongezea nyingine. Aliniomba radhi. Msichana yule aliniomba radhi kwa niaba ya kidonge.

Nikaona saa yangu imefika. Nikamuuliza kwa upole, kama nilivyokuwa nikimuuliza mwalimu mpya: "Daktari, kidonge chenu ukikitia katika siki, kwa nini kinatoa povu?"

Nilitaka kumwona akibadilika rangi. Akatabasamu. "Umejaribu, mzee? Ni unga wa kukijazia. Dawa yenyewe ni kidogo sana, haifiki hata punje ya mchele, huwezi kuishika na vidole. Kwa hiyo wanaongeza unga wa chokaa kidogo kipate umbo. Hata vya chemist, vingi vinatoa povu. Ungejaribu na kidonge kingine chochote ungeona."

Kidonge kingine chochote. Nililinganisha na ganda la yai.

"Na wale wanaopewa cha bandia?" nikauliza.

"Hakuna cha bandia hapa, mzee. Niliwaambia siku ya kwanza. Wote mnapata dawa ya kweli, tunaangalia tu ipi inafanya kazi vizuri zaidi."

Nilisema nilikuwa nampima kama anajua kazi yake. Akacheka. Nikatoka pale, nikafika nyumbani, nikapanda kiti, nikashusha mkebe. Kuanzia tarehe 17 Machi hadi leo ni siku hamsini, kwa hiyo vidonge hamsini. Nikavimwaga kitandani na kuvihesabu. Vilikuwa ishirini na viwili.

Jumanne, 6 Mei

Nilingoja Seline amalize kufua. Nikaweka mkebe mezani na kumuuliza vidonge ishirini na vinane viko wapi.

Akafuta mikono. "Nimemeza."

"Umeiba dawa ya utafiti."

"Baba Wechuli, wewe ulisema ni chaki," akasema. Ananiita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, hasa akiwa hana hasira. "Mimi nimekula chaki yako. Sasa shida iko wapi?"

Nikamuuliza aliianza lini na kwa akili gani.

"Ulikuja ukasema Jentrix ameshuka, na chupa yake ni kama yako. Sasa nikajiuliza, chaki gani hiyo inashusha Jentrix? Nikaenda kwa chemist hapo Mamboleo, nikapimwa, nikaandika. Nikameza wiki mbili, nikapimwa tena, nikaandika." Akaenda nyuma ya mlango ambako kalenda ya kanisa imetundikwa, akanionyesha ukurasa wa Aprili, kisha wa Mei. Ameandika kwa penseli, katika kona ya siku: 178 kwa 108. Kisha 152 kwa 92. Kisha, Jumamosi iliyopita, 136 kwa 84.

Nilisimama mbele ya kalenda ile. Mwanamke aliyeishia darasa la saba alikuwa amepima kabla, amepima baada, na ameandika tarehe. Nilihisi uso unawaka, na nakiri kwamba haikuwa aibu, ilikuwa ghadhabu. Nilimwambia angeweza kujiua. Nilimwambia sheria za utafiti zinasema mtu mmoja kwa kila nyumba. Nilimwambia dawa inatolewa na daktari, haitolewi na mkebe wa kahawa. Yote niliyosema ni kweli, hata nikiyasoma sasa.

"Basi twende kliniki wote wawili tuwaambie," akasema. "Huyo daktari ni mtoto mzuri. Atajua vile atafanya."

Nikamwambia hapana. Nimeuchukua mkebe, nimeufungia katika sanduku la chuma pamoja na chupa, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Leo asubuhi nimemeza kidonge changu kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Ijumaa, 9 Mei

Sasa mtu mzima amwambie Becky nini? Kwamba yule aliyeigwa na benchi zima alikuwa akirundika dawa juu ya kabati? Watanicheka hadi Nyamasaria.

Jumanne, 13 Mei

Seline aliniomba asubuhi. "Nigawie nusu tu. Kata kwa kisu." Nikamweleza kwamba nusu dozi ni ujinga, kwamba mimi nikimeza nusu na yeye nusu tutakuwa wagonjwa wawili badala ya mmoja. "Basi nipe vile ishirini na viwili. Hivyo vimekaa tu." Nikamwambia nitafikiria.

Saa nne Becky akapiga simu. Kesho wanatembelea nyumba za watu kuhesabu vidonge bila kungoja siku ya kliniki, na sababu ni presha yangu, ingawa hakusema. Wataangalia mahali dawa zinapohifadhiwa.

Nilichukua mkebe, nikaenda choo cha safu yetu, nikavimwaga vyote ishirini na viwili, nikamwaga maji ndoo mbili. Nilipotoka Seline alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo na kibanio mkononi. Aliangalia mkebe mtupu, akaendelea kuanika.

Siku nzima hajaniomba tena. Naona ni kiburi.

Jumatano, 14 Mei

Becky alikuja, akahesabu, akaandika "vizuri sana". Seline alimpikia chai. Becky akamuuliza, "Na wewe mama, zahanati wanakupea dawa?" Akajibu, "Wanasema nirudi."

Jumatatu, 19 Mei

Presha yangu inashuka, naisikia. Napanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta. Seline amejifunga tena leso.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua siku nne mfululizo. Hakwenda kanisani jana kwenye mkesha wala hajaenda zahanati. Anasema barabara ni tope. Zamani tope halikumzuia. Anasahau sufuria motoni.

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki. 142 kwa 88. Daktari Kajal alifurahi kama mtoto, akaniambia mwili wangu ulihitaji muda tu. Becky akasema tena mbele ya benchi, "Mnaona? Mzee hakukata tamaa." Wakapiga makofi. Jentrix peke yake hakupiga. Alikuwa ameshika kikapu chake magotini, akaniangalia moja kwa moja mpaka nikaangalia ukuta. Nikajua kwamba Seline amemwambia.

Nilifikiri njia nzima jinsi ya kumkomesha Jentrix kuropoka. Hilo ndilo nililofikiri, nimeliandika lilivyokuwa.

Jumatano, 4 Juni

Jana asubuhi Seline alikwenda kwa Jentrix kuomba pilipili hoho. Hakurudi. Nilikuwa nasoma gazeti. Nikasikia kuku wanatawanyika, kisha Jentrix akiniita, na hakuniita Mzee wala Baba Wechuli, aliniita "Wewe." Nikakuta Seline amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, nusu ya uso imelegea, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Jentrix alikuwa ameshasimamisha tuktuk. Tulimbeba wawili, mimi na yule ninayemwandika kila siku kwamba hajui kusoma, na ni yeye aliyejua kumshika kichwa.

Hospitalini tulipokelewa na kijana wa zamu, Ajwang, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mashine ilisema 214 kwa 126. Akafanya kazi haraka, kisha akageuka na kalamu. "Mama alikuwa anatumia dawa gani ya presha? Aliacha lini? Nataka kujua, ndio nijue nashusha na nini na kwa kasi gani."

Kabla sijafungua mdomo, Seline akasema, "Hakuna." Neno lilitoka limepinda, na mate yakafuata, lakini lilieleweka. Akajitahidi tena. "Hakuna... dawa. Mzee... hajui."

Alikuwa ananifichia. Amelala pale nusu ya mwili imemtoka, na bado alikuwa anashikilia makofi yangu yasianguke. Ajwang akaanza kuandika "hakuna". Jentrix alisimama upande wa pili wa kitanda, hakunisemea wala hakunizuia. Alingoja tu, na kijana yule aliandika polepole kwa sababu kalamu yake haikutoa wino vizuri.

Nikasema, "Futa." Nikamwambia alimeza dawa ya utafiti tangu tarehe nane Aprili hadi tano Mei, kila siku, na presha yake ikashuka hadi 136. Akauliza kwa nini aliacha. Nikasema nilimfungia. Akauliza tena, akidhani hakusikia. Nikasema, "Nilifungia dawa sandukuni, na zilizobaki nikazitupa chooni, ili wasijue kwamba mimi nilikuwa simezi." Nilisema kwa sauti ya kawaida. 

Ajwang aliandika yote. Hakuniangalia. Akasema, "Sawa, mzee, sasa kaa nje kidogo."

Ijumaa, 6 Juni

Daktari Kajal alikuja wodini, Ajwang amekwisha kumweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa hata nimeandaa ya kujibu. Aliongea na Seline kwa Dholuo muda mrefu, amemshika mkono ule mbovu, kisha akatoka nami kwenye korido, akafungua faili yangu, na akatia alama kwenye kisanduku kimoja.

"Kwa hiyo natolewa," nikasema.

"Hapana. Unabaki."

"Nimewaharibia jaribio."

"Hujaharibu, mzee." Alionekana amechoka. "Tunahesabu kila mtu tuliyemuandika, ameze asimeze. Ndio maana kuna hiki kisanduku. Watu wa kutupa dawa na kuleta chupa sawasawa tunawajua. Kabla hatujaanza tuliweka hesabu yao, mmoja kwa kila watano."

Nilimuuliza kama wote hao hufanya majaribio ya siki. Akasema kila mmoja huwa na sababu yake, na hajawahi kukutana na asiyekuwa na sababu. Kisha akaniambia Seline ataandikwa kliniki ya presha hapa hapa hospitalini, amezungumza nao, dawa yake ipo, na ataichukua Jentrix kila mwezi, kwa kuwa Seline amechagua iwe Jentrix.

Nilirudi benchi nikakaa. Miaka hii yote nilidhani ninaangalia mtaa mzima kutoka juu, nikiwa peke yangu. Na kumbe nilikuwa mmoja kwa kila watano, nimetengewa kisanduku tangu Machi, kabla hata sijanunua siki.

Jumatano, 11 Juni

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nilitaka kulitupa chooni. Nimeliacha.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua zimepungua. Seline ametoka hospitali. Uso umerudi karibu wote, mguu unakokota, mkono wa kushoto haushiki. Jentrix amekuja kila siku kumwogesha, na kila siku hanisalimu mpaka nimsalimu mimi. Leo nilimsomea kijitabu chake, namba zote tangu Machi, moja baada ya nyingine. 128 ya mwezi huu. Akauliza kama hiyo ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri kuliko yangu. Akasema alijua, alitaka tu kunisikia.

Asubuhi nilimletea Seline kidonge chake na kikombe cha maji, nikamwinua akae. Akasukuma mkono wangu kando.

"Wewe kwanza," akasema.

Nikaleta chupa yangu. Nikatoa kimoja, nikakiweka mdomoni, nikanywa maji.

"Fungua."

Nikafungua mdomo. Nina miaka sitini na minane.

"Inua ulimi."

Nikainua. Akaangalia bila haraka, kulia, kushoto, chini ya ulimi, huku Jentrix akiwa mlangoni na sinia lake la omena kichwani, anangoja naye aone. Kisha akachukua kidonge chake kwa mkono wa kulia na kukimeza.